Paneli inayoruka: shajara ya kutuliza mwendo kwenye programu ya madeni ya duka

Programu yenyewe ni ndogo: daftari la madeni la duka la mtaani. Muuzaji anabonyeza jina la mteja, paneli inapanda kutoka chini ya skrini, anaandika "sukari kilo 1, 3,000", anaifunga. Nimeiandika kwa Flutter, zana ya Google ya kuundia programu za simu, peke yangu, usiku baada ya kazi. Duka la majaribio ni la shangazi yangu, Tandika. Shajara hii inahusu ile paneli tu, yenye urefu wa pikseli 420, na wiki tatu zilizoliwa na mwendo wake. Msimbo nautaja kwa majina yake ya Flutter ili anayetaka kunakili asipotee.

Kuna atakayeuliza kwa nini sikutumia `showModalBottomSheet`, paneli ya chini inayokuja tayari na Flutter, nikalala mapema. Nilitaka muuzaji aweze kubonyeza jina lingine nyuma ya paneli bila kuifunga kwanza. Hilo tu ndilo lililonitia kwenye shimo hili.

3 Machi 2025: usiku wa kubadilisha mikunjo

Shangazi katuma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hicho kidude chako kinanishtua. Nabonyeza jina, kinanirukia kama paka."

Nilijua, au nilidhani najua. Tatizo ni mkunjo. Kwa ambaye hajakutana na neno hili: dereva mzuri wa daladala anapokaribia kituo huachia mafuta mapema, mbaya hukanyaga breki abiria wakajikuta kwenye kioo. Wote wawili wametumia dakika ileile kufika. Mkunjo ndio tofauti yao. Kwenye msimbo, mikunjo mingi huandikwa kwa namba nne. Ni nukta mbili za kuvutia mstari, kwa njia iliyobeba jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kuchora mabodi ya magari. Upande wa mlalo ni muda, hautoki nje ya 0 na 1. Upande wa wima ni umbali, na huo unaruhusiwa kuvuka 1. Hiyo sentensi ya mwisho itanirudia tarehe 14.

Nilikuwa na `AnimationController` (kontrola, saa inayoendesha mwendo kutoka 0 hadi 1) ya milisekunde 300 na `Curves.easeOutCubic`, mkunjo unaoanza kwa kasi na kutulia mwishoni. Nikajaribu `ease`, `easeInOut`, `fastOutSlowIn`, `decelerate`, nikaongeza muda hadi 450, nikarudisha. Kila mmoja ulianza kwa mruko. Ajabu, `linear`, wenye kasi moja mwanzo hadi mwisho, ulionekana mlaini zaidi, na `easeIn`, unaoanza polepole, ukaonekana mzuri kuliko yote. Nikauchagua huo, nikatuma toleo jipya, nikalala saa saba usiku nimeridhika.

Kwa anayenakili: hapo usinakili.

5 Machi: dukani

Shangazi anasema bado. Nikaenda mwenyewe alasiri, watu wamejaa wananunua tende na tambi za futari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekuja kumfunga paka wako?"

Nikachukua simu yake nikabonyeza jina. Paneli haikupanda kabisa. Ilikuwa haipo, kisha ipo. Nikafungua programu nyingine, nazo vilevile, kurasa zinatokea papo hapo. Nikaingia kwenye chaguo za wasanidi programu: vipimo vyote vitatu vya animesheni vimezimwa. Fundi simu alimfanyia mwaka jana ili simu iwe nyepesi. Ukishika simu kumi za GB 2 mtaani, nadhani kadhaa utazikuta hivyo.

Flutter kwenye Android husoma kipimo kimoja kati ya vile vitatu, kile cha kubadilisha skrini. Kikiwa 0, inawasha alama ya `disableAnimations`, na kila kontrola ya kawaida inakimbizwa kwa asilimia 5 ya muda wake. Milisekunde zangu 300 zimekuwa 15. Fremu moja, yaani picha moja kwenye skrini ya hezi 60 inayochorwa mara 60 kwa sekunde, ni milisekunde 16.7. Kwa maneno mengine, usiku mzima wa tarehe 3 nilikuwa nachonga kitu ambacho simu yake haikionyeshi.

Nikamwomba ruhusa, nikakiwasha kipimo hicho, nikafungua paneli. Sasa inapanda, lakini inashtuka mwanzoni, halafu inajikokota mwishoni. Kumbe magonjwa ni mawili.

Nikakizima tena kabla ya kuondoka. Simu ni yake, na sababu anayo. Nilichobadilisha ni kivuli cha nyuma ya paneli: kipimo kikiwa kimezimwa, kivuli nacho kinatokea papo hapo kikiwa kamili, ili jicho lielewe kwamba kuna kitu kimekuja juu. Shangazi: "Hapo sawa, kimekaa." Gharama: nauli 1,200 na aibu.

7 Machi: muda ulioibiwa

Nimenunua simu ya majaribio ya mtumba, Android 11, RAM GB 2, shilingi 110,000, na waya wa USB 5,000. Kosa langu jingine la tarehe 3 ni kwamba nilikuwa napima kwenye hali ya debagi, ile ya kutafutia makosa. Debagi ya Flutter ni nzito kwa makusudi, imejaa ukaguzi. Mwendo haupimwi humo. Ni `flutter run --profile`, tena kwenye simu ya mkononi, hasa ile dhaifu kuliko zote ulizo nazo.

Halafu nikaweka `timeDilation = 5.0`, inayopunguza kasi ya animesheni mara tano. Na hapa ndipo kichwa kiliponigonga: kwa mwendo wa pole, paneli ilipanda vizuri kabisa. Mkunjo mzima haukuwa na kosa. Ungekuwa na kosa, kuupunguza kasi kungelionyesha zaidi.

Grafu ya fremu ikasema kilichobaki. Fremu ya kwanza baada ya kubonyeza ilichukua milisekunde 96. Sasa fuata hesabu, maana ndiyo kiini cha shajara yote. Saa ya kontrola inaanza kuhesabu kwenye fremu ileile ambayo paneli inajengwa. Ujenzi ukila milisekunde 96, fremu inayofuata inakuja karibu na ya 100, theluthi ya safari. Kwa `easeOutCubic`, theluthi ya muda ni kama asilimia 72 ya umbali. Kwa hiyo jicho linaona paneli chini, kisha linaiona pikseli 300 juu, kisha linaiona ikimalizia pikseli 120 zilizobaki taratibu. Paka huyo hapo.

Na ndiyo maana `linear` ulinidanganya: wenyewe kwenye theluthi ya muda uko asilimia 33 tu. `easeIn` uko kama asilimia 16. Haukuwa mzuri, ulikuwa unaficha. Kwenye simu ya maana ungeonekana mzito kama mlango wa chuma, na ndivyo mwenzangu anayechora miundo alivyoniambia bila kumuuliza.

Kilichokula milisekunde 96:

Paneli ilikuwa inajenga orodha ya wateja wote 340 ndani ya `Column`, hata wasioonekana. Nikahamia `ListView.builder`, inayojenga mistari inayoonekana tu. Kila mstari ulikuwa unaunda `NumberFormat` yake mpya kwa ajili ya kuandika shilingi; nikaunda moja, wote wakaitumia. Kupanga majina kwa alfabeti kulifanyika kila paneli inapofunguka. Nikapanga mara moja, data inapobadilika. Na kubwa la aibu: nilikuwa naita `setState`, amri ya kujenga upya, kwenye kila tiki ya kontrola, kwa hiyo paneli nzima inajengwa upya mara 60 kwa sekunde ili tu isogee. `AnimatedBuilder` ina nafasi ya `child` kwa kazi hiyo hasa. Kilichomo humo hakijengwi upya.

Baada ya hapo: milisekunde 11. Nikarudisha `easeOutCubic` na 300, vilevile kama vilivyokuwa kabla sijaanza kuvichezea.

9 Machi: kidole na paneli havipatani

Kufungua kumetulia. Kuburuta paneli chini ili kuifunga ni vita. Unavuta, haiji, unavuta zaidi, inaporomoka.

Huu niliupata haraka kwa sababu niliweka nukta nyekundu mahali kidole kilipo. Nikateremsha kidole pikseli 210, nusu ya paneli. Ukingo wa paneli ulishuka pikseli 52 au 53. Kidole kinabadilisha `controller.value`, sawa, imefika 0.5. Lakini nafasi ya paneli haisomi kontrola, inasoma `CurvedAnimation` iliyo juu yake, na `easeOutCubic` ya 0.5 ni kama 0.875. Mkono wa mtu ulikuwa unapitishwa kwenye mkunjo. Mkono una mkunjo wake tayari.

Dawa ya kwanza, iliyoshindikana: wakati wa kuburuta soma kontrola moja kwa moja, kidole kikiachia rudi kwenye mkunjo. Wakati wa kuburuta ikawa safi, inanata kidoleni. Lakini ukiachia katikati, paneli inaruka kutoka 0.5 hadi 0.875 kabla haijaanza kushuka. Bila shaka. Nilibadilisha kanuni safari ikiwa katikati.

Nilipochungulia msimbo wa `BottomSheet` ya Flutter yenyewe nikakuta wamelimaliza kwa mkunjo wa vipande viwili: mnyoofu hadi pale kidole kilipoachia, kisha laini kwa sehemu iliyobaki. Kazi nzuri. Na kasi ya kidole nayo hawajaisahau. Mtu akiipiga paneli kwa nguvu, kasi hiyo inapewa `fling`, ambayo ndani yake ni springi. Nikaamua kwenda kwenye springi.

10 Machi: kufunga kwa uvivu

Kifupi. Ukifunga kwa kitufe, paneli inasita kwanza ndipo inashuka. Usipoweka `reverseCurve`, mkunjo uleule husomwa kinyumenyume, na `easeOut` ikisomwa kinyume huanza polepole. Ukitaka kufunga kuanze kwa kasi, weka `reverseCurve: Curves.easeInCubic`. Ndiyo, unaandika jina la kinyume ili upate unachotaka. Nikapunguza pia muda wa kufunga hadi 220; anayefunga ameshamaliza, usimcheleweshe.

Saa mbili zilipotea kwa kuona kwamba ukibonyeza fungua kisha funga upesi, `reverseCurve` haitumiki. Sio hitilafu. `CurvedAnimation` hushikilia mkunjo iliouanza hadi ifike mwisho mmoja, ili paneli isiruke kama ile yangu ya jana.

14 Machi: springi, makosa manne kwa usiku mmoja

Springi haina muda wala mkunjo. Unaipa uzito, ukakamavu, breki, mahali ilipo, inapokwenda na kasi iliyo nayo sasa, nayo inajua ifike lini. `controller.animateWith(SpringSimulation(...))`. Kwa paneli iliyotoka kidoleni ndiyo yenyewe.

Kosa la 1: kasi ya kidole inakuja kwa pikseli kwa sekunde. Mpigo wa kawaida nilioupima ni kama 1,800. Kontrola yangu inatembea kati ya 0 na 1. Nikaimimina 1,800 vilevile, paneli ikatoweka ndani ya fremu moja. Gawa kwa urefu: 1,800 ÷ 420, karibu 4.3.

Kosa la 2: alama. Kwenye skrini kushuka ni chanya, kwenye kontrola yangu kushuka ni hasi. Nikipiga chini, inapanda. Kwa nusu saa nilidhani simu ya mtumba ina kioo kibovu, nikamtukana aliyeniuzia moyoni. Samahani kaka.

Kosa la 3: springi haidundi, nimepunguza breki hadi basi, paneli inafika juu inagonga dari. Kontrola ya kawaida hukata kila thamani iliyo nje ya mipaka yake. Springi ilikuwa inapita 1, kontrola inaikata. Dawa ni `AnimationController.unbounded`, kontrola isiyo na mipaka.

Kosa la 4 likazaliwa na dawa ya kosa la 3. Sasa thamani inaruhusiwa kupita 1, na ileile thamani ndiyo iliyokuwa inalisha `Opacity` ya kivuli, yaani kiwango chake cha kuonekana. `Opacity` haikubali zaidi ya 1. Skrini nyekundu ya kosa. Ningelipata kosa hilihili mapema zaidi kama ningemsikiliza mwenzangu, ambaye tangu wiki iliyopita alinitumia namba 0.34, 1.56, 0.64, 1 akitaka paneli "ipitilize kidogo irudi". Hiyo 1.56 ni upande wa wima. Ushauri: kinachosogea kinaweza kupitiliza, kinachofifia hakiwezi. Kipe kivuli thamani iliyobanwa kati ya 0 na 1.

Na paneli ikidunda juu, chini yake panabaki uwazi, unaona majina ya wateja kwenye upenyo wa pikseli 40 hivi. Nikashusha nguo ya paneli, yaani rangi yake ya nyuma, pikseli 48 chini ya skrini, ambako haionekani mpaka paneli ipitilize.

16 Machi: dunda lafutwa

Nikampelekea shangazi toleo linalodunda, kwenye simu ya majaribio. Akafungua, akafunga, akafungua. "Zuri. Lakini baba, hiki kitu ni cha pesa za watu. Kisicheze."

Nikaondoa. Uzito 1, ukakamavu 500, uwiano wa breki 1, yaani breki ya 44.7 (mara mbili ya kipeuo cha pili cha 500). Inafika, inakaa.

Nikataka kuiondoa na ile nguo ya pikseli 48, bahati nikajaribu kwanza. Springi ya uwiano 1 haipitilizi ikianza ikiwa imesimama. Ikianza na kasi, inaweza. Kwa namba hizi mpaka ni umbali uliobaki mara 22.4. Paneli ikiwa imebakiza sehemu ya kumi ifike juu, kasi ya 2.24 inatosha kuipitisha, yaani pikseli 940 kwa sekunde, nusu ya mpigo wa kawaida. Nguo ikabaki. Ubanaji wa kivuli nao ukabaki.

Jambo jingine, muhimu kwa simu kama ya shangazi: kontrola isiyo na mipaka haifuati ile asilimia 5. Kwa chaguo-msingi inapuuza matakwa ya mwenye simu. Lazima uulize mwenyewe, `MediaQuery.disableAnimationsOf(context)`, na ikiwa kweli, weka thamani ya mwisho moja kwa moja. Nilikaribia kumrudishia paka wake.

22 Machi: kibodi

Mtu akigusa sehemu ya kuandika kiasi, kibodi inapanda na paneli inatakiwa kuinuka nayo. Nilikuwa nimetumia `AnimatedPadding`, nafasi inayoongezeka kwa mwendo laini, ya milisekunde 200 juu ya `viewInsets.bottom`, yaani urefu wa kibodi. Kwenye simu ya jirani wa shangazi, Android 9, safi. Kwenye yangu ya Android 11 paneli inachelewa, sehemu ya kuandika inazama nyuma ya kibodi kisha inaibuka.

Android 9 humwambia Flutter urefu wa kibodi kwa mkupuo mmoja, na `AnimatedPadding` inaulainisha. Kuanzia Android 11 urefu unakuja fremu kwa fremu, kibodi inavyopanda. Sasa `AnimatedPadding` inapewa lengo jipya kila fremu, na kila ikipewa inaanza safari upya. Inafukuza kibodi bila kuishika. Kwa Android 11 (toleo la 30 la API) na kuendelea, `Padding` tupu, isiyo na mwendo wake. Chini ya hapo, `AnimatedPadding`. Mstari mmoja wa sharti, jioni mbili za kuutafuta.

24 Machi: hesabu na kilichobaki

Fedha: simu 110,000, waya 5,000, nauli mara tatu 3,600, vifurushi vya intaneti kama 10,000. Jumla 128,600. Muda: saa 31 kwa daftari langu, kati ya hizo saa 9 nilizitumia kubadilisha mikunjo ambayo haikuwa na kosa.

Thamani zilizomo sasa: kufungua kwa kitufe 300 na `easeOutCubic`, kufunga 220 na `easeInCubic` kama `reverseCurve`, kuachia kidole, springi 1, 500, uwiano 1. Animesheni zikizimwa, hakuna kinachotembea. Kontrola ni mbili, moja ya kitufe na moja ya springi, na bado sijapenda namna zinavyokabidhiana: ukibonyeza kitufe springi ikiwa katikati, paneli inasimama kwa kitambo kidogo kisha inaendelea, kwa sababu mkunjo hauijui kasi iliyokuwapo. Kesho najaribu kumpa springi kazi zote mbili.

Simu ikilazwa kwa upana, 420 ni zaidi ya skrini yenyewe. Hiyo sijaigusa.